Jengo la kiwanda linaliwa na mfereji mmoja

Ndugu Mhariri,

Nilifanya kazi ya kufunga mikanda ya mashine za kusokota nyuzi katika kiwanda kile cha nyuzi, ambacho jengo lake sasa linatafutiwa mnunuzi, kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo naomba nafasi kidogo. Kila mtu anauliza nani atalinunua jengo. Hakuna anayeuliza habari za mfereji wa paa.

Nimeuona juzi. Mche wa mtini umeota kwenye kona, umeziba njia ya maji, na mvua sasa inashukia ndani ya ukuta. Chokaa inamung'unyika, boriti zinaoza pale vichwa vyake vinapoingia kwenye matofali, na sakafu ya juu imebonyea kama machela. Nguzo za chuma hazina neno. Lakini mbao za sakafu zimenyonya mafuta ya mashine miaka na miaka, na mlinzi (namheshimu) huota moto wa kuni papo hapo.

Naambiwa kuhifadhi ni ndoto. Mbona kiwanda cha sufu cha Salts Mill kule Uingereza, kilichofunguliwa 1853, kilifungwa 1986, na mwaka uliofuata mfanyabiashara Jonathan Silver akakinunua akaweka sanaa ndani? Kile cha kitani cha Shrewsbury, huko huko Uingereza, cha 1797, jengo la kwanza duniani lenye fremu ya chuma, kilikaa kitupu miaka zaidi ya thelathini, nacho kimefunguliwa tena 2022.

Mwenye jengo asianze na mwekezaji. Aanze na mtu mwenye panga na bati mbili. Ngazi ninayo mimi.

Wako,
Fundi mstaafu