Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mapango ya Amboni yasiuzwe kama hospitali

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka Tanga, mji wa waja leo waondoka leo.

YAH: UTALII WA MAPANGO YA AMBONI NA MANENO YA TIBA

Msemo huo wa mji wetu tunaupenda, lakini kwa Mapango ya Amboni umekuwa balaa. Mgeni anatoka mjini, anakwenda kilomita nane hivi kwa barabara ya Horohoro, anakata kushoto kuelekea Kiomoni, anazungushwa pangoni, anapiga picha, halafu huyoo, anarudi kula samaki mjini au anaunganisha safari ya Lushoto, Pangani au Mombasa. Anaacha kiingilio na bei ya soda. Mapango yaliyochongwa na maji katika mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, yanaingizia kijiji chini ya kile anachopata mama muuza mihogo pale stendi. Ndiyo maana nafurahi kila nikisikia Serikali inataka kuyaendeleza.

Kinachonitia hofu ni njia inayopendekezwa. Siku hizi karibu kila mwenye simu ameona video za Wazungu wamejilaza chini ya ardhi, blanketi mabegani, wakivuta hewa ya pango ili wapone pumu. Swali linalofuata huwa ni moja: sisi na Amboni yetu tumelala nini? Nimelisikia barazani, nimelisikia kwenye daladala, na nimelisikia kwa watu walioanza kuulizia viwanja kando ya Mto Mkulumuzi. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na watu wenye vifua. Naomba unisikilize kabla maneno hayo hayajaingia kwenye vipeperushi vya Wizara.

Hicho wanachokiona kwenye video kipo kweli, na kina historia. Katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka, Poland, daktari Feliks Boczkowski alianzisha bafu za tiba za maji ya chumvi mwaka 1839, na hadi leo wagonjwa wa mfumo wa hewa hushushwa humo kwa vipindi vya matibabu. Huko Ennepetal, Ujerumani, wakazi walijificha katika pango la Klutert wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili, na wenye pumu miongoni mwao wakawa wanasema humo ndani wanapumua vizuri zaidi. Slovakia na Hungary nao wana mapango yao ya watoto wenye vifua.

Lakini watafiti wa Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu tiba hiyo kwa pumu, matokeo waliyoyatoa mwaka 2001 yalikuwa haba. Majaribio yaliyofaa kuhesabiwa yalikuwa matatu tu, yenye watoto 124 kwa jumla, na ni moja pekee lililofanywa kwa ubora wa kuridhisha. Hawakusema tiba hiyo ni uongo. Walisema ushahidi hautoshi kumshauri mtu aitegemee. Na wale wa Wieliczka hawalali tu kwenye viti. Wanafanyishwa mazoezi ya kupumua chini ya usimamizi wa wataalamu. Nani atatenganisha kilicholetwa na pango na kilicholetwa na mazoezi?

Tuseme hata tiba hiyo ingekuwa imethibitishwa kwao, Amboni si Wieliczka. Kule ni chumvi, huku ni chokaa. Joto la pango hufuata wastani wa joto la mwaka la mahali lilipo. Kwa hiyo mapango ya Ulaya ya kati ni ya nyuzi kumi hivi, hewa yake baridi, haina chavua wala vumbi la nyumbani. Ya kwetu yanafuata joto la Tanga, nyuzi 26 hivi, na unyevu juu yake. Humo kuvu anastawi. Halafu wapo wenyeji wa pango, popo, na kinyesi chao kilichotandazwa kama zulia, na ile harufu ya ukali inayokupiga puani unapokaribia wanakolala. Kumpeleka mtoto wa pumu akavute hewa hiyo kwa saa mbili na kuiita tiba, mimi kama muuguzi siwezi kunyamaza.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la popo, maana ndipo penye uzito. Kinyesi chao kikikauka na kukanyagwa hutoa vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba kuvu aitwaye Histoplasma anayeingia mapafuni. Watu wengi hawadhuriki sana, ila wengine hukohoa wiki nyingi, hupungua mwili, na picha ya kifua huonyesha madoa. Mgonjwa wa namna hiyo akifika hospitali zetu, jambo la kwanza litakalofikiriwa ni kifua kikuu, na hakuna wa kulaumiwa hapo, kwa sababu hakuna anayemuuliza kama aliingia pangoni. Mtalii anaingia mara moja. Mwongozaji anaingia kila siku, anavuta vumbi hilo mwaka mzima, mara nyingi amevaa fulana na kandambili.

Kubwa zaidi ni Marburg, homa kali ya virusi inayoua. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu waliotembelea Pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, Kenya, waliugua ugonjwa huo. Mwaka 2008 mtalii mwanamke kutoka Uholanzi aliingia Pango la Chatu katika Msitu wa Maramagambo, Uganda, akarudi kwao, akafa. Mmarekani mmoja aliyekuwa amelitembelea pango hilo hilo muda mfupi kabla yake aliugua, akapona, na ni baadaye sana vipimo vilipomwambia alichougua. Virusi hivyo hukaa kwa popo wanaokula matunda wa aina ya Rousettus aegyptiacus, ambao hupenda kulala mapangoni. Nasi si wageni wa ugonjwa huo: Kagera imeuona mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Sisemi Amboni ina Marburg, na naomba asitokee mwandishi wa kichwa cha habari akaniwekea maneno hayo mdomoni. Nasema kwamba kabla ya neno "tiba" kuandikwa kwenye bango, itangazwe hadharani ni popo wa aina gani wanalala katika pango lipi, na wamepimwa nini. Hatuhitaji kuita watu kutoka mbali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa hapa Tanga. Tume ya Nguvu za Atomiki iko Arusha na inaweza kupima radoni, ile gesi ya mionzi inayojikusanya kwenye mapango yasiyopitisha hewa na ambayo ikivutwa kwa miaka huchangia saratani ya mapafu. Hilo nalo ni la kuwalinda waongozaji kuliko wageni.

Wala asije mtu akasema basi popo wafukizwe moshi waondoke. Wanaokula wadudu miongoni mwao wanatupunguzia mbu, na wanaokula matunda ndio wanaochavusha mibuyu yetu. Waganda walitupa mfano mzuri baada ya msiba ule. Hawakuwaua popo, na pango halikupotea katika orodha ya vivutio. Walizuia watu kuingia ndani, kisha wakajengewa, kwa msaada wa Wamarekani, mahali pa kutazamia kwa mbali. Mgeni anawaona maelfu ya popo na chatu wanaowawinda, na hagusi kitu. Kwa macho yangu, popo wa Amboni wakitoka jioni kwa makundi ni onyesho ambalo watu wangelipia tena kwa furaha, na wangelazimika kulala Tanga ili walione. Kwa sasa wakati popo wanatoka, mgeni wetu yuko njiani, Segera.

Mheshimiwa, kuna uongo usiodhuru, na Amboni inao wa kutosha. Tangu utoto tumesimuliwa kuhusu Mzungu aliyepotelea humo na mbwa wake, mbwa akaja kuonekana Mombasa; ukimuuliza mwongozaji mwingine atakwambia Kilimanjaro. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipoyapima mwaka 1994 walikuta mapango kumi yaliyotengana, na lile refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mbwa huyo angetokea hapo nyuma ya kijiji. Lakini hadithi iendelee, pamoja na ile ya Osale Otango aliyewahangaisha polisi wa kikoloni miaka ya 1950 na kujificha humo. Mgeni akidanganywa kuhusu mbwa, anarudi nyumbani na kicheko. Akidanganywa kuhusu pumu, anaweza kuacha dawa yake ya kuvuta nyumbani.

Sasa, je, Amboni haina faida ya kiafya? Inayo, tena kubwa, ila haimo gizani. Kliniki zetu za presha na kisukari zinafurika watu ambao shughuli yao nzito kwa siku ni kupanda bodaboda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Pale Amboni kuna mto, kuna msitu, kuna miinuko ya mawe, kuna vipenyo vya kuinama na kutambaa vinavyokutoa jasho kweli kweli. Itengenezwe njia ya miguu yenye kivuli, yenye vituo vya kupumzika, itoke mapangoni ifuate mto hadi kwenye chemchemi za Galanos. Watu wa Tanga waingie njia hiyo kwa bei ya chini Jumamosi na Jumapili, na shule ziingie bure. Hapo utakuwa umefanya utalii wa afya bila kumdanganya mtu, na aliyetoka Dar es Salaam atajikuta amemaliza siku nzima badala ya saa moja.

Na hizo chemchemi ndizo mahali pa kuanzia kama Wizara inataka sana kuzungumzia tiba. Maji yake ni ya moto na yananuka kibiriti, yamebeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, na watu wa huku huyaendea kwa ajili ya ngozi na viungo tangu zamani. Maji ya moto hulegeza viungo vinavyouma, hilo halina ubishi. Ya ngozi yanahitaji vipimo. Mkemia Mkuu wa Serikali ayapime, bango liwekwe linaloeleza joto lake na kilichomo, na linalowaonya wajawazito, wenye presha isiyodhibitiwa na wenye vidonda vibichi. Vijengwe vyumba vya kubadilishia nguo, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao. Huu ni Uswahilini, mwanamke hataoga akitazamwa na msafara wa watalii.

Kuhusu mapango yenyewe maombi yangu ni ya kawaida tu. Kofia ngumu, buti, na barakoa inayobana uso kwa kila anayeingia, mwongozaji kwanza. Maji ya bomba na sabuni pale wanapotokea. Karatasi fupi ya kumuuliza mgeni kama ana pumu au moyo, na mwenye navyo aelekezwe njia ya nje. Waongozaji wapimwe vifua kila mwaka pale hospitali ya Bombo kwa gharama ya mapato ya mapango. Chumba cha mzimu, ambako watu hupeleka ubani, marashi na vitambaa, kiachwe kwa wenyewe, na mgeni aombe ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Taa ziwekwe kwa tahadhari. Pango la Lascaux huko Ufaransa lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa, kwa sababu pumzi za watu na mwanga viliotesha mwani kwenye kuta na kuanza kuziharibu picha za kale. Mwaka huo huo wa 1963 ndipo Amboni, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya mkonge tangu 1937, ilikabidhiwa idara ya mambo ya kale. Kwetu hakuna picha za kale za kulinda, lakini mawe yanayoning'inia darini yanaota kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na taa kali zikiwaka mchana kutwa zitayavika ukijani. Taa za kichwani zinatosha. Giza lenyewe ni sehemu ya kile mgeni alichokilipia.

Mwisho ni fedha. Mapango yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na mapato yanakwenda mbali na Kiomoni. Shimoni, kusini mwa Mombasa, pango la watumwa linasimamiwa na kamati ya wanakijiji wenyewe. Sidai tuige kila kitu, ila sehemu ya kiingilio ibaki hapa kwa zahanati ya kata, na kiasi chake kibandikwe ubaoni kila robo mwaka ambapo mtu yeyote anaweza kukisoma. Kama majibu ya vipimo vya popo, radoni na maji ya Galanos yatabandikwa kwenye ubao huo huo, mimi nitakuwa wa kwanza kuleta wajukuu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mstaafu,
Tanga.

Nakala: Waziri wa Afya, Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Kamishna wa Uhifadhi, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, Ofisi ya Kata ya Kiomoni.