Popo asisingiziwe

Mhariri asalamaleko. Mie msomaji wenu wa huku Wete, Pemba, nimeisoma ile barua ya wiki ilopita ya yule bwana anotaka popo wapigwe bunduki eti wanatumalizia maembe, nikasema hapana, hii siiachi ipite.

Sikatai, embe anakula, na shelisheli anakula, mwembe wa nyuma kwetu ukiamka asubuhi chini kumejaa makapi alotafuna akatema. Lakini anotaka yeye ni lilowiva. Embe likipevuka ukalichuma bado kijani, kama wanavofanya wale wanaoyapeleka sokoni Unguja, popo hana habari nalo. Sie tunayaacha juu mpaka yanadondoka yenyewe halafu tunamtafuta mchawi.

Alosahau yule bwana ni kwamba popo huyu mkubwa duniani kote hayupo isipokuwa Pemba, hata Unguja hapo hayupo. Na tulikaribia kummaliza sie sie, kwa bunduki na kwa kukata miti mirefu anayolala, maana mwaka 1989 watafiti walipokuja kuhesabu walikuta wachache mno. Marehemu babu yangu alikuwa akimla na akimsifu (hukumu yake waulizwe masheikh, mie simo). Jike lake linazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, si kuku huyo useme ukichinja leo kesho wapo wengine. Bahati watu wa sehemu kama Kidike waliamua kumlinda na wamerudi kwa maelfu, nenda jua likizama uwaone wanavotoka.

Na kazi anafanya. Msufi na mbuyu maua yake yanafunguka usiku, nyuki kalala, nani atachavusha? Mvule anakula tunda lake anaruka mbali huko anakwenda kunya mbegu, ndo mvule unaota pahala ambapo hakuna alochimba shimo. Makaburini kwetu ulikuwepo mmoja mkubwa, popo wakilala hapo tokea mie mdogo, ukakatwa ukauzwa mbao, popo wakahama, na walokata ndo hao hao leo wanalalamika kuwa wamehamia kwenye miembe yao!

Halafu mhariri, ile picha mloiweka juu ya barua si popo wetu, yule ni mdogo wa mapangoni anokula wadudu. Wetu ana manyoya ya rangi ya chungwa na uso kama wa mbwa, hakai pangoni huyo, analala mtini. Mara nyengine tuulizeni tutawatumia picha.