Mto wa mjukuu wangu umepigwa mkasi

Bwana Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa habari ya taa za barabarani, na barua hukuitoa. Nikanyamaza miaka kumi na moja. Kilichonifumbua mdomo ni ile habari yenu ya wanafunzi waliopelekwa kutembelea chanzo cha maji. Picha tatu mlitoa: mgeni rasmi anahutubia, mgeni rasmi anapanda mche, na watoto wamepangwa mstari ndani ya fulana mpya nyeupe. Maji sikuyaona hata tone. Na chini yake mkaandika kuwa wanafunzi "wamejifunza kwa vitendo". Vitendo gani? Kuvaa fulana?

Mimi nilikuwa mchimba visima mpaka magoti yaliponikatalia. Nina mjukuu kidato cha pili. Siku moja alirudi skuli kanuna, daftari kalikumbatia. Waliambiwa wachore safari ya mto, unapoanzia na unapoishia. Yeye akachora Mto Mwera wa hapa Unguja, maana ndio anaoujua. Tangu mdogo nikimchukua huko. Akachora mabonde ya mpunga, akachora akina mama wameinama wanapalilia, na mwisho akachora maji yanafika kwenye jiwe la matumbawe, yanazama chini, yanapotea. Ndivyo ulivyo ule mto. Mwalimu kapiga mkasi mwekundu wa kosa ukurasa mzima, pembeni kaandika: "Mto huishia baharini au ziwani." Jawabu sahihi lilikuwa kitabuni, mto unateremka kutoka mlima wenye theluji. Theluji, Mhariri! Sisi mlima wetu ni Masingini, ambao hata mimi na magoti haya naupanda huku nazungumza. Mtoto aliyeona kwa macho yake kakoseshwa, na waliokariri theluji wamepata kumi juu ya kumi. Nikataka kwenda skuli kwa miguu siku ile ile, bibi yake ndiye aliyenizuia.

Mwalimu mwenyewe simlaumu sana, naye hakuna aliyewahi kumpeleka.

Lakini hili si suala la maksi. Kisiwa hiki chini kina jiwe lenye matundu. Mchanga unachuja maji, tundu halichuji. Ukitupa pampasi au ukifungulia maji ya choo bondeni wakati wa masika, unayapeleka moja kwa moja kwenye kisima cha mwenzako, huenda na cha kwako. Na upande wa mashariki maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi: ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Niliwahi kuchimba kisima huko, maji yake ukinywa unasema alhamdulillah. Mwenyewe akaja kuweka pampu kubwa ajaze bwawa la kuogelea la wageni. Haikupita miaka mitatu, hata mbuzi hayataki.

Na hao wanaochimba mchanga, ambao ndio chujio letu, nao waandikeni siku moja. Malori yanapita mchana kweupe. Nyumba zinasogelea msitu wa Masingini, unaolisha chemchem zinazonywesha mji, na kila aliyejenga huko analalamika bombani hamna kitu. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitawala tangu 1870 mpaka 1888, akayaleta maji ya Bububu hadi mjini bila ya kompyuta. Leo mimi naamka saa nane za usiku kukinga ndoo mbili.

Kama kweli mnataka vitendo, pesa ya fulana moja inanunua kamba. Ipigwe fundo kila shubiri, ifungwe jiwe, na kila Alkhamisi darasa moja lipime kina cha kisima cha skuli na kuandika ukutani kwa mkaa. Watoto wakate chupa ya lita moja na nusu wapime mvua. Watupe kumbi la nazi mtoni wahesabu linakwenda kwa kasi gani. Washushe sahani nyeupe kwenye maji waone inapotea wapi, wajue maji yamechafuka kiasi gani, kabla ya masika na baada yake. Halafu wapige hesabu: bati la madarasa lenye mita 200 za mraba, kwa mvua yetu ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, linamwaga lita 320,000. Hivyo ni vidumu 16,000 vya lita ishirini vinavyokwenda na mtaro, wakati watoto wanatoka nyumbani na maji ya kusafishia vyoo vya skuli.

Mgeni rasmi naye aje, ahlan wa sahlan, ila hotuba aitoe baada ya kuvuta ndoo ishirini kwa mkono.

Mimi niko tayari kuwapeleka wanafunzi, pamoja na mwalimu wao, pale mto unapozama. Sitaki posho. Kamba ninazo nne, sahani nitamwomba bibi yake, viatu vya matope waje navyo.

Mchimba visima mstaafu,
Mwera, Unguja