Barua ya wazi kwa wajukuu wanaosoma hisabati Mtwara

Wajukuu zangu mlioko Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara mjini,

Shikamoo zenu zimefika, marahaba. Nawaandikia kwa sababu madaftari mnayoniletea yanaanzia katikati. Mtu anaandika X, anakimbilia kikokotozi. Ukimwuliza X ni nini, anasema ni bahati. Hapana. X hiyo ni kigeu nasibu, yaani kanuni inayolipatia kila tokeo namba yake. Bahati imo kwenye tokeo. Kanuni umeiweka wewe, kabla hujatia mkono guniani. Mrusi Andrey Kolmogorov aliiweka hivyo mwaka 1933, na msingi huo haujang'olewa.

Chukueni korosho. Wapimaji huzikata waone kiini: kimejaa, kina madoa, au kimesinyaa. Tuseme mmekata tatu, kila moja nzuri au mbovu. Matokeo ni manane. X yangu ihesabu zilizo nzuri: 0, 1, 2 au 3. Mwenzangu aweke Y: 1 zikiwa nzuri zote, 0 vinginevyo. Korosho ni zilezile, vigeu ni viwili.

Sasa tulieni hapa, maana ndipo wengi mnapoanguka. Ghala la kwanza lina magunia ambayo kila moja limechanganyika: katika korosho kumi, nane nzuri. Gunia ni kubwa, kutoa moja hakubadilishi kitu. Uwezekano wa X kuwa 3 ni 0.512; kuwa 2 ni 0.384; kuwa 1 ni 0.096, kuwa 0 ni 0.008. Wastani ni 2.4, na hakuna atakayekata korosho akahesabu 2.4.

Ghala la pili lina magunia kumi. Manane ni safi tupu, mawili yalinyeshewa yakaoza yote. Unachagua gunia moja bila kuangalia, unatoa tatu humo humo. X sasa ni 3 kwa uwezekano wa 0.8, au 0 kwa 0.2. Pigeni wastani: 2.4 tena! Lakini kuambulia mbovu tupu kumepanda mara 25, na varianzi, yaani wastani wa mraba wa umbali wa X kutoka wastani wake, imetoka 0.48 ikafika 1.44. Anayenunua kwa kuangalia wastani peke yake ataona maghala hayo ni sawa, na ataumia.

Kilichotofautiana ni kutegemeana. Mvua iliyoharibu korosho moja imeharibu na jirani yake. Kwa hiyo msizidishe 0.8 mara 0.8 mara 0.8 kwa mazoea. Kwanza ulizeni kama korosho hizo zilipata maji pamoja. Wastani wa jumla haujali swali hilo. Varianzi inalijali sana, na mtihani pia.

Nawapa kazi. Rudini ghala la pili, mtoe korosho moja moja kutoka magunia matatu tofauti. Wastani utabaki 2.4, lakini varianzi mtaikuta ndogo hata kuliko ya ghala la kwanza. Tafuteni ni kiasi gani na kwa nini. Mstari wa kwanza wa daftari uwe sentensi ya Kiswahili inayoanza "X ni idadi ya...", kisha ndipo hesabu. Nileteeni jioni, nipo nyumbani.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu wa hisabati, Newala