Mitihani ya ujirani mwema iulize pia maswali ya fizikia yasiyo na hesabu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na walimu wenzetu wa sekondari, kamati zinazotunga mitihani ya ujirani mwema (ile ya pamoja ya shule jirani) hapa Dodoma, na wazazi wanaopokea ripoti za watoto wao. Tunachotaka kusema ni kwamba mitihani yetu ya fizikia inapima kukokotoa, haipimi kuelewa, na kuirekebisha hakuhitaji fedha.

Chukua jiwe moja na maswali mawili. La kwanza: jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, litafika kimo gani? Aliyefanya mazoezi anashika kanuni, anaweka g (mchapuko, yaani jinsi uvutano unavyobadilisha mwendo kila sekunde) kuwa 10 kwa kukadiria, anapata mita 20 na alama zote. La pili halina namba: jiwe hilohilo limeshatoka mkononi na bado linapanda, ukiacha ukinzani wa hewa, ni kani zipi zinazolivuta au kulisukuma? Mwanafunzi yuleyule anaweza kuandika bila wasiwasi kwamba kuna nguvu ya mkono kwenda juu, ambayo inapungua kidogo kidogo mpaka uvutano wa dunia unaishinda, ndipo jiwe linashuka. Jibu sahihi ni uvutano peke yake, kwenda chini, wakati wote: likipanda, likiwa kileleni na likishuka. Kileleni mwendo ni sifuri lakini mchapuko uko palepale, kama mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Mkono ulimaliza kazi yake jiwe lilipouacha.

Kosa hili halitokani na uvivu. Mtoto amesukuma mkokoteni tangu akiwa mdogo na ameona kwamba ukiacha kuusukuma unasimama. Msuguano hauonekani kwa macho, kwa hiyo anahitimisha kwamba kinachokwenda lazima kiwe na nguvu ndani yake. Lugha nayo inamsaidia kukosea. Tukisema jiwe "limeishiwa nguvu" kila mtu anatuelewa, kwa kuwa neno nguvu mtaani linabeba kani, nishati na uwezo wa kufanya kazi kwa pamoja. Uzito unabeba vitu viwili, kiasi cha maada na kani ya uvutano; joto vilevile, nishati na kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Akiingia Kidato cha Kwanza anafundishwa yote hayo kwa Kiingereza, anakariri fasili, na dhana ya zamani inabaki chini yake haijaguswa.

Ndiyo maana tunashauri swali la dhana liulizwe kwa lugha zote mbili, angalau katika majaribio ya darasani. Akipata kwa Kiswahili na kukosa kwa Kiingereza, shida ni lugha. Akikosa kwa zote mbili, shida ni fizikia, na somo hilo linahitaji kurudiwa kwa njia nyingine. Mtihani wa lugha moja hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Marekani walilipima jambo hili kwa kina. Mwaka 1992 watafiti Hestenes, Wells na Swackhamer walichapisha jaribio la dhana ya kani linalojulikana kwa kifupi kama FCI. Toleo linalotumika leo lina maswali 30, kila moja lina majibu matano ya kuchagua, na hakuna hesabu. Mwaka 1998 mtafiti Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika kozi 62. Hakuangalia alama za mwisho peke yake. Aliuliza: katika yale ambayo darasa halikuyajua mwanzoni, limejifunza sehemu gani? Darasa lililoanza na asilimia 30 na kumaliza na asilimia 51 limepata 21 kati ya 70 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.3. Kozi za mwalimu kuhutubu na wanafunzi kuandika zilipata wastani wa 0.23. Zile ambazo wanafunzi walijadiliana na kupewa majibu papo hapo zilipata 0.48. Hesabu hiyo mwalimu yeyote anaweza kuifanya nyuma ya daftari, mradi ametoa jaribio lilelile kabla na baada ya mada. Jaribio la kwanza lisihesabiwe kwenye alama za muhula, la sivyo watadesa na namba itakuwa ya uongo.

Sasa utungaji, maana hapa ndipo kazi ilipo. Usianze kwa kubuni majibu ya kuchagua. Toa swali la wazi, wanafunzi waandike sentensi mbili au tatu kwenye nusu karatasi bila majina. Kusanya, kisha yapange majibu mafungu mafungu kwa wazo lililomo, usijali Kiingereza kilichovunjika. Kwa kawaida utapata mafungu matatu au manne tu. Fungu kubwa la makosa ndilo kipotoshi chako cha kwanza (jibu la kuchagua lisilo sahihi), na kiandike kwa maneno yaleyale ya watoto. Kipotoshi alichobuni mwalimu kichwani hakichaguliwi na mtu, na swali la majibu manne linageuka kuwa la majibu mawili. Lijaribu kwa darasa la pili kabla ya kulipeleka kwenye mtihani.

Yapo makosa tunayoyaona mara kwa mara. Jibu sahihi kuwa refu kuliko mengine. "Yote hapo juu" kuwekwa kila swali. Shina la swali kuwa na kanusho mbili, hata anayejua anapotea. Namba kuachwa ndani, basi mtoto anatafuta kanuni ya kuziingiza badala ya kufikiri. Na kusahau bahati: kwenye maswali kumi yenye majibu manne, asiyejua chochote anapata mawili au matatu kwa kubahatisha, kwa hiyo wastani wa tatu kati ya kumi hauna cha kujivunia.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa balbu, ambao watafiti McDermott na Shaffer waliutumia kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kuna betri tatu zinazofanana. Ya kwanza imewasha balbu A peke yake. Ya pili imewasha B na C kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Ya tatu imewasha D na E kwa sambamba, kila moja na njia yake. Balbu zote ni sawa na betri ni kamilifu, yaani hazina ukinzani wa ndani. Zipange kwa mwangaza. Jibu: A, D na E ziko sawa, na zinawaka kuliko B na C, ambazo nazo ziko sawa. Takriban asilimia 15 tu ndio waliopata. Kila kosa hapa linajieleza lenyewe. Anayesema B inawaka kuliko C anaamini balbu ya kwanza "inakula" umeme na kuiachia ya pili makombo. Anayesema A inaishinda D anaamini betri hutoa mkondo uleule siku zote, ukigawanywa unapungua. Hao ni watu wawili wenye tiba mbili tofauti, na mtihani wa kutafuta ukinzani wa jumla ungewapa wote alama sawa.

Lakini tahadhari ukitaka kuionyesha mezani. Tumia betri mbili mpya za tochi kwa kila saketi na balbu za volti 2.5, ampea 0.3. Betri zilizochoka zina ukinzani wa ndani mkubwa. Ukiunganisha D na E sambamba volti zinashuka, zote mbili zinafifia, na darasa linaondoka limethibitisha kosa lake mbele ya macho ya mwalimu. Balbu nazo, hata zenye maandishi sawa, hutofautiana. Ziunge mbilimbili kwa mfululizo kabla ya kipindi, uchague zinazowaka sawa. Kaza vishikio, kwa sababu skrubu iliyolegea inafifisha balbu na hakuna atakayejua kwa nini.

Lipo pia swali ambalo Dodoma inatupa bure. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji safi huchemka karibu nyuzi 96. Mwanafunzi anayetafuta alama ya juu ya kipimajoto, ile ya maji kuchemka, anaona 96, anaandika 100, kwa kuwa daftari linasema 100. Basi muulize: kipimajoto kizima kinasoma 96 ndani ya mvuke wa maji yanayochemka hapa mjini, kwa nini? Kipimajoto kibovu, maji yana chumvi, moto hautoshi, au mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko pwani? Anayechagua chumvi apewe swali la ziada, maana chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka, haikishushi. Anayechagua moto mwambie aongeze mkaa na aangalie: maji yataisha haraka zaidi, lakini namba haitasogea.

Kwa darasa la wanafunzi 70 hakuna haja ya karatasi kila siku. Soma swali, wape dakika moja ya ukimya, kisha kila mtu aweke vidole kifuani: kimoja kwa A, viwili kwa B. Kifuani, ili jirani asiige. Mazur wa chuo kikuu cha Harvard alieneza utaratibu wa kupiga kura hivi: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wajadiliane na wa pembeni dakika mbili, wapige kura tena. Chini ya 30 rudia kufundisha. Juu ya 70 eleza kwa ufupi uendelee.

Ombi letu kwa kamati za ujirani mwema ni dogo. Mtihani ujao uwe na maswali sita ya aina hii, yenye alama kama maswali mengine. Karatasi zake zirudishwe kwa kamati baada ya mtihani, ili maswali yatumike tena mwakani na kulinganishwa. Na tathmini inayotumwa shuleni isiishie kwenye wastani na madaraja. Ionyeshe kwa kila swali ni wangapi walichagua A, wangapi B, wangapi C na wangapi D. Mwalimu akiona watoto 41 kati ya 70 wamechagua "nguvu ya mkono", atajua Jumatatu aanzie wapi.

Walimu wa fizikia,
Dodoma