Mnatuambia tunalangua: bei ya kichwa cha treni cha mfano inatoka wapi

Lalamiko ni lile lile, ila safari hii limetolewa kwa sauti mbele ya wateja wengine: "Kichwa cha treni nimenunua mwenyewe mtandaoni. Nimewaletea mkipake rangi tu, mnanitajia bei kubwa kuliko niliyonunulia. Huu ni ulanguzi." Kijana aliyesema hivyo aliondoka amekasirika, nasi hatukufurahi kumwona akitoka na mzigo wake. Hakutupa nafasi ya kueleza, kwa hiyo tunaeleza hapa, na wengine mnaojiandaa kununua msome kabla hamjatuma pesa.

Alichotuletea ni kichwa cha Kimarekani, kile chenye pua ya mviringo na ekseli nne tu: mbili mbele, mbili nyuma. Alichotaka kitoke karakanani kwetu ni dizeli ya English Electric, zile zilizoletwa na Reli ya Afrika Mashariki kuanzia 1960, zikaitwa daraja la 90 na baadaye 87, kwa sababu marehemu babu yake aliziendesha. Ile ina ekseli nane. Sita zinasukuma, na mbili zilizobaki, moja kila mwisho, zinabeba uzito tu ili reli nyepesi isielemewe. Watu wa reli huandika 1Co-Co1, na ukiitazama ubavuni ndicho kitu cha kwanza kukiona. Sasa hapo rangi itasaidia nini? Bei tuliyomtajia ilikuwa ya bogi mbili mpya (zile fremu za chini zinazobeba ekseli), sakafu mpya na bodi nzima, yaani ganda la juu. Rangi ilikuwa mstari wa mwisho kwenye karatasi, na ndio uliokuwa na tarakimu ndogo kuliko yote.

Njia hii ya mkato tunaiona mno: nunua chochote kilicho rahisi, kipulizie rangi, bandika namba, basi. Kuna familia moja hapa Tanga ilimfanyia hivyo baba yao alipostaafu reli. Mzee alishukuru vizuri, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akahesabu magurudumu, kisha akauliza, "Hiki ni cha nchi gani, wanangu?" Walikuja kwetu wamenyong'onyea. Yeye alikuwa fundi wa vichwa vya Kihindi, vilivyojengwa Varanasi; kiwanda kile kilipoanza kuuza vichwa nje ya India mwaka 1976, mteja wake wa kwanza alikuwa Tanzania. Ekseli sita, tatu kila bogi. Hakuna kipande hata kimoja cha kile walichokipaka rangi tulichoweza kukitumia. Walilipa mara mbili kwa zawadi moja.

Ndiyo maana sisi tunauliza maswali mengi kabla ya kutaja bei, na wengine huona tunawasumbua. La kwanza ni skeli. Kipimo kinachouzwa zaidi duniani ni HO, yaani 1:87: kichwa halisi kimepunguzwa mara 87. Kichwa chenye urefu wa mita 16 kikipunguzwa hivyo kinakuwa sentimita 18 na kidogo. Waingereza wana chao, OO, ambacho ni 1:76. Kichwa hicho hicho kinafika sentimita 21. Kinachowachanganya watu ni kwamba vyote viwili hutembea kwenye njia yenye upana wa milimita 16.5, kwa hiyo muuzaji anakwambia "vinaingiliana" na hajasema uongo. Mwalimu mmoja alinunua kichwa cha HO kwa muuzaji mmoja na mabehewa ya OO kwa mwingine, kila kimoja kwa bei nzuri. Vilipopangwa mezani, behewa lilikuwa refu kwenda juu kuliko kichwa kinacholivuta. Hilo halina dawa. Ni kuuza kimoja na kuanza upya.

La pili ni geji, yaani upana wa njia. Reli yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na njia inayouzwa kwa ajili hiyo ni ya milimita 12. Hiyo ya 16.5 ni ya reli ya milimita 1,435, kama SGR. Ukisimamisha kichwa cha Tanga juu yake kinaonekana kama mtu aliyetanua miguu. Lakini hapa tuseme ukweli wa mfukoni: mitambo ya milimita 12 ni michache na bei yake inauma. Kwa mteja mwenye bajeti ndogo anayetaka kichwa kitembee, sisi humwambia akubali 16.5, pesa aliyookoa aiweke kwenye bogi na bodi. Geji tunaivumilia. Ekseli zisizo sahihi hatuzivumilii, na hilo hatubadilishi hata mteja akisema hajali, maana kazi ikitoka hapa inatoka na jina letu.

Wengine wanatamani kikubwa, skeli G, ambayo kwa 1:22.5 inatumia njia ya milimita 45, na hiyo kwa kweli ndiyo inayolingana na reli ya mita moja. Ni nzuri sana. Ila kichwa cha mita 16 kinakuwa sentimita 71, kwa hiyo pimeni kabati kwanza.

Swali la tatu ndilo linalookoa pesa kuliko yote: kitembee, au kikae kabatini? Zaidi ya nusu ya gharama ya kichwa kinachotembea iko chini ya sakafu, mahali ambapo mgeni wako hataona. Kama ni cha kabatini, ondoa mota, ondoa gia, ondoa nyaya. Tutakutengenezea bodi safi na bogi sahihi, na mzee yeyote wa stesheni atakitambua bila kusoma namba.

Kama lazima kitembee, basi usibane hapo chini. Kichwa kizuri huchukua umeme kwa magurudumu ya bogi zote mbili, husukuma kwa bogi zote mbili, kina uzito wa chuma ndani na mota isiyoshtuka ikianza taratibu. Cha bei ya kutupa husukuma kwa bogi moja na huzima kikipita penye vumbi. Na umeme wake ni volti 12. Kuna kaka alichukua chaja ya kompyuta, ya volti 19, akaiunganisha moja kwa moja kwenye reli ili kichwa "kipate nguvu ya kuvuta". Kilikimbia kweli, kwa muda mfupi. Mota mpya ilimgharimu zaidi ya adapta halisi aliyokataa kuinunua kwetu.

Vya mtumba tunavipenda, na tunavitafuta wenyewe, lakini kuna ugonjwa mmoja lazima uujue. Fremu za zamani za zinki, zikiwa zilichanganyika na risasi kiwandani, huvimba na kupasuka zenyewe baada ya miaka. Picha ya juu itakuonyesha bodi inayong'aa. Ndani fremu imepinda kama ndizi na gia hazishikani. Omba picha ya chini, bodi ikiwa imevuliwa. Muuzaji akikataa, mwache na mali yake.

Rangi ya gari ya kupuliza msiiguse. Ina kimiminika kinachokula plastiki ya bodi. Uso unakuwa na vipele na mistari myembamba ya pembeni inapotea. Tumeletewa bodi za hivyo na tumekataa kazi, kwa sababu kuvua rangi ile bila kuharibu bodi zaidi ni kazi ya siku nyingi na mwisho wake si mzuri. Msasa juu ya reli nao uachwe: unachimba mikwaruzo inayokusanya uchafu haraka kuliko mwanzo. Kitambaa na spiriti kidogo vinatosha, na kwa chumvi ya hewa yetu hapa pwani chagueni reli ya nikeli, si ya chuma.

Halafu kuna mikono, yaani vile vishikio vya dereva ubavuni. Bomba la mkono kwenye kichwa halisi, lenye unene wa sentimita 3, kwa 1:87 ni waya wa milimita 0.34. Sisi tunaukunja kila mmoja kwa koleo, tunatoboa tundu lake, tunauchomeka. Kwenye vile vya dukani mkono wa plastiki unaweza kuwa milimita moja na nusu, ambayo kwa ukubwa halisi ingekuwa nguzo ya sentimita 13. Hakuna dereva angeweza kuishika. Mkiona bei yetu, sehemu kubwa ni hizi nyaya na macho ya fundi aliyekaa nazo. Hatuoni haya kuitoza.

Kijana wetu akirudi, kichwa chake cha Kimarekani kinauzika vizuri kama kilivyo, hakijaguswa rangi, nasi tutamsaidia kumpata mnunuzi. Wengine mkija, leteni picha ya ubavuni ya kichwa mnachokitaka, namba yake kama mnaikumbuka, na upana wa sehemu kitakapokaa. Kupima na kukadiria ni bure. Malipo ni nusu wakati wa kuagiza, na bodi tunawaonyesha kabla haijapakwa rangi, mhesabu ekseli wenyewe.