Bando linaisha haraka ukiwasha hotspoti? Anza kuikagua laptopu

Malalamiko tunayoletewa dukani huwa yaleyale: kwenye simu GB 2 zinafika wiki nzima, zikiunganishwa na laptopu zinakwisha kabla ya adhuhuri. Wengi huishuku kampuni ya simu kwamba inakata zaidi kwenye hotspoti. Mara nyingi MB ni ileile, ila mlaji amebadilika.

Simu inajua iko kwenye bando, kwa hiyo hujibana: nakala za picha na masasisho ya programu husubiri Wi-Fi. Laptopu ya Windows ikiiona hotspoti yako, huichukulia kuwa Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine, isiyo na kikomo. Inajipakulia sasisho la mwezi, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapandisha mafaili, na YouTube ikikutana na kioo kikubwa na mtandao mzuri inapandisha ubora wa video. Yote hayo bila kukuuliza.

Piga hesabu. Kasi ya megabiti 1 tu kwa sekunde, ikidumu saa nzima, ni MB 450. Netflix wenyewe wanataja hadi GB 3 kwa saa kwa video ya HD. Bei elekezi ya mwaka 2021 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliiweka MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa hiyo sasisho la MB 700 ni shilingi 1,421 kwa bei ya chini na 6,545 kwa ya juu, na hapo hujafungua hata barua pepe moja.

Dawa yake ni kuiambia laptopu kwamba mtandao huu unalipiwa. Kwenye Windows 11, unganisha hotspoti kwanza, kisha fungua Settings, "Network & internet", "Wi-Fi", ingia kwenye properties za mtandao huo na uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasimama na OneDrive itatulia. Kwenye Mac, fungua "Details" za Wi-Fi hiyo uwashe "Low data mode".

Wengi hukwama kwenye waya. Umeshaweka "Metered connection" kwenye Wi-Fi, kesho unatumia waya wa USB ili simu ichaji hapohapo, bando linateketea tena. Windows inauona waya huo kama mtandao mwingine kabisa, wa Ethernet, na mpangilio wa jana haukuhamia huko. Nenda "Ethernet" ukauwashe tena. Zipo simu ambazo kila ukichomeka waya zinajitambulisha upya, ukaona "Network 2", kesho "Network 3". Kwa simu ya namna hiyo, bora ubaki na Wi-Fi.

Usihangaike kuwasha Data Saver ya Android ukidhani itasaidia: ikiwa imewashwa, hotspoti yenyewe haifunguki. Tunaletewa simu "mbovu" ambazo tatizo lake ni hilo tu. Simu za Xiaomi zina kitu bora zaidi, kikomo cha data ndani ya mipangilio ya hotspoti.

Programu ambazo si za Microsoft hazilazimiki kutii mpangilio wa "Metered connection". Google Drive, Steam (ya michezo ya kompyuta) na antivairasi nyingine huweza kuendelea kula kama kawaida. Ili kuzikamata, fungua "Data usage" chini ya "Advanced network settings". Utaona kila programu na MB ilizotumia. Inayoongoza bila sababu, isitishe. YouTube ichagulie 360p kwa mkono, na kwenye mkutano wa Zoom zima kamera.

Ila masasisho usiyafungie moja kwa moja, mengi ni ya usalama. Angalau mara moja kwa mwezi peleka laptopu kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, au nunua bando la usiku, ubonyeze "Check for updates" mwenyewe.

Ukitaka tukupangie sisi, njoo na laptopu, simu unayotumia kwa hotspoti, na waya wake uleule. Bila simu yenyewe, upande wa Ethernet hatuwezi kuupanga.